Mbuta Hakushinda kwa Meno

Mpwa wangu wa Keroka, aliye Gredi ya 6, alinijia Agosti na kazi ya likizo. Alitakiwa abuni mnyama anayewinda katika bahari ya dunia nyingine, aeleze mwili wake na anavyoishi. Picha alikuwa ameshaichora. Mnyama alikuwa na macho manane, safu tatu za meno na mkia wa miiba, na bahari nzima ilikuwa yake. Kwenye karatasi hapakuwa na kiumbe kingine hata kimoja. Alinikabidhi, akakaa kungoja nimsifu.

Nilimsifu kwa mkono wake, maana anachora vizuri. Kisha nikamuuliza, mnyama huyu anakula nini?

"Mjomba, anakula kila kitu."

Nikamwonyesha kwamba hicho kila kitu hakimo pichani. Akanyamaza. Nikamwambia kesho asubuhi tutakwenda sokoni Daraja Mbili, Kisii, nikamwonyeshe mwindaji wa kweli aliyepelekwa katika maji ambayo hayakuwa yake, akawakuta wenyeji wa spishi mamia kwa mamia, na baada ya miongo michache sehemu kubwa yao hawakuonekana tena. Maji yenyewe si ya mbali. Siku ya mbingu safi, aliyesimama juu ya majabali ya Manga kule Nyamira huliona Ziwa Victoria liking'aa huko bondeni.

Sokoni tulimkuta mama mmoja ameshusha mbuta kutoka Homa Bay. Mkubwa wao alikuwa na urefu wa mkono wangu mzima. Nilimwomba tumtazame kabla hajamkata, naye akamsogezea kijana ndoo ya kukalia. "Kaa hapa, mtoto wangu, lakini shavuni usimshike ovyo, atakukata." Ni kweli: mfuniko wa matamvua ya mbuta una ukingo wenye miiba migumu, na wachuuzi wengi wana makovu yake vidoleni. Nikamwambia mpwa wangu aingize kidole mdomoni ahesabu meno.

Alikitoa haraka, akanitazama. "Hana meno, mjomba. Ana kama msasa."

Hilo ndilo la kwanza nililotaka alione. Mbuta anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, lakini hana jino hata moja la kutisha. Taya zake zimeota vimeno vidogo mno, vingi kama nyuzi za brashi, na kazi yake ni kuzuia kilichokwisha kuingia kisiteleze kikatoka. Hamrarui anayemwinda. Humsogelea taratibu, halafu kwa kufumba na kufumbua hupanua kinywa na vifuniko vya matamvua pamoja. Kinywa kinapopanuka namna hiyo, maji hukimbilia ndani kujaza nafasi, na samaki mdogo huenda na maji. Kisha maji hutokea kwenye matamvua na samaki hubaki. Anayetaka kujua nguvu ya jambo hili na azamishe chupa tupu ndani ya karai, aitoe kizibo ghafla na kuona vijitakataka vinavyovutwa. Mwindaji wa namna hii hahitaji kuuma. Anachohitaji ni kuwa mkubwa kuliko wewe, na kukujua ulipo.

Kukujua ulipo ana njia mbili. Jicho lake jeusi lina duara la njano, nalo huona vizuri katika mwanga hafifu. Nyingine ni mstari wa ubavuni, ule unaoanza nyuma ya kichwa ukapita juu ya magamba. Kwa samaki wengi huishia kwenye shina la mkia. Kwa mbuta unaendelea hadi ncha ya pezi la mkia lenyewe, na mpwa wangu aliufuata kwa kidole mpaka mwisho. Ndani ya mstari huo mna vitundu vinavyosikia mtikisiko wa maji, kwa hiyo samaki anayepiga mkia gizani hujitangaza mwenyewe. Nilimwambia kama bahari yake ni ile inayodhaniwa kuwapo chini ya barafu ya Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, ambako Marekani ilirusha chombo Oktoba 2024 kwenda kuichunguza, basi macho manane ni mzigo mtupu, kwa sababu mwanga wa jua haufiki. Mstari huu ndio ungemfaa.

Tukiwa bado hapo, mama alimpasua mbuta wake. Kibofu cha hewa alikiweka kando kwenye bakuli lake, kwa kuwa kina wanunuzi wake. Mwanza hukiita bondo, nacho hukaushwa kikauzwa hadi China. Tumboni mlikuwa na omena waliokwisha kulainika, uduvi kadhaa, na samaki mmoja mdogo wa urefu wa kidole cha kati, mwenye jicho lenye duara la njano.

"Huyu ni mbuta," kijana alisema. "Amekula mtoto wake?"

Wake au wa jirani yake, sikuweza kujua. Lakini swali hilo ndilo limelala katikati ya mambo yote, na ili kulijibu ni lazima turudi nyuma.

Mbuta, ambaye Tanzania humwita sangara, ni mwenyeji wa Mto Nile wa chini, Ziwa Albert, Ziwa Turkana na mito ya Afrika Magharibi. Ukoo wake una mizizi baharini, na ndugu yake mmoja bado huishi katika maji ya chumvi ya pwani za Asia na Australia. Ziwa Victoria hakulifikia mwenyewe, kwa kuwa Maporomoko ya Murchison yalimzuia. Maafisa wa wakati wa ukoloni ndio waliomvusha. Waliona ziwa limejaa fulu, samaki wadogo wenye mifupa mingi ambao wao waliwahesabu kuwa takataka, wakaona faida ya kuleta mlaji mkubwa awageuze fulu hao kuwa minofu. Mwaka 1955 alitiwa Ziwa Kyoga. Mei 1960 alinaswa katika Ziwa Victoria, karibu na Jinja, kabla ya mtu yeyote kutangaza kwamba amemtia. Robert Pringle, katika utafiti aliouchapisha 2005, alionyesha kuwa samaki walikwisha kutiwa kimyakimya tangu 1954. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa rasmi, Entebbe na Kisumu, na idadi yao ilikuwa ndogo sana kwa ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000.

Aliyepinga kwa maandishi ni Geoffrey Fryer, mtafiti wa kituo cha uvuvi cha Jinja, katika makala ya 1960. Hoja yake moja ningependa kila mwanafunzi anayebuni mnyama aijue. Chakula hupotea kila kinapopanda ngazi. Kilo kumi za mwani hutoa takriban kilo moja ya anayekula mwani, na kilo kumi za huyo hutoa takriban kilo moja ya anayemla. Ukimweka mlaji mkubwa juu ya ngazi usidhani umezalisha nyama. Umetoza ushuru kwenye nyama iliyokuwapo. Ndiyo maana mnyama wa mpwa wangu, peke yake katika bahari tupu, angekufa wiki ile ile.

Sasa watazame fulu, maana bila wao huwezi kumwelewa mbuta. Zaidi ya spishi 500 zilikuwa zimetokea katika ziwa ambalo, kwa ushahidi wa matope yaliyochimbwa chini yake, liliwahi kukauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine vifaranga vya wenzao, wengine magamba ya samaki wengine. Kabla ya mbuta kutawala, katika kila kilo kumi za samaki wa karibu na sakafu ya ziwa, takriban nane zilikuwa fulu. Uzazi wao ni wa kulea. Jike hutaga mayai machache, makumi tu, akayachukua mdomoni na kuyaatamia humo wiki mbili au tatu bila kula sawasawa, na vifaranga wakianguliwa hurudi kinywani hatari ikitokea. Nimewahi kumwona jike wa namna hiyo kwenye tangi, mashavu yamemjaa, haachi kutikisa taya kuyageuza mayai yapate hewa. Ni malezi ya kugusa moyo, na kwa maelfu ya miaka yalifaa.

Upande wa pili, mama pale sokoni alitoa vifuko viwili vya mayai kutoka tumboni mwa mbuta wetu, vya rangi ya njano, virefu kama ndizi. Mpwa wangu alibonyeza kimoja. Punje zake zilikuwa ndogo kuliko za wimbi. Jike mkubwa wa mbuta anaweza kubeba mayai yanayofikia milioni 15. Huyaachia majini, kila yai na tone lake la mafuta la kulielesha, akaenda zake. Halei, halindi, hajui yalikokwenda. Karibu yote huliwa. Lakini piga hesabu: ikipona punje moja tu katika laki moja, jike huyo amelipa ziwa watoto 150 kwa uzazi mmoja. Fulu anayepoteza mayai yake thelathini amepoteza kila kitu cha msimu huo, na akimezwa akiwa nayo mdomoni, amekwenda yeye na kizazi chake kwa pigo moja.

Hapo ndipo silaha ilipo. Nilikishika kifuko kile nikamwambia kijana, chora hiki.

Ushuru wa Fryer ungepaswa kumwangusha mbuta baadaye. Miaka ya 1980 aliwala fulu mpaka wakaadimika, na mwindaji aliyemaliza chakula chake hukonda na kupungua. Mbuta hakuangamia. Uvuvi wake ulipofika kilele, takriban 1990, ziwa lilitoa zaidi ya tani 300,000 za mbuta kwa mwaka. Jibu lilikuwa pale mezani, yule mdogo mwenye jicho la njano. Mbuta mchanga hula vijidudu vinavyoelea majini, akikua kidogo hula uduvi na wadudu, kisha samaki. Mbuta mkubwa hana kinywa cha kuchuja vijidudu. Lakini watoto wake wanavyo vinywa vya kukusanya chakula hicho kidogo, na yeye huwala wao. Vizazi vyake vyenyewe vimekuwa ngazi. Kwa mayai milioni kadhaa ziwa zima hulishwa na watoto wake, naye akiwemo, na ziada hubaki ya kukua. Sijui mnyama wa kubuniwa katika hadithi yoyote aliyepangiwa jambo la ukali kama hili, na samaki huyu hakupangiwa na mtu.

Uduvi na omena nao walifanya kazi kubwa. Fulu walipopungua, hao wawili waliongezeka, wakajaza pengo. Kwa hiyo sahani ya Mkenya wa kawaida ikabadilika pia. Minofu ya mbuta ikaenda viwandani na ng'ambo, na huku kwetu ikafika mgongo wazi, kichwa na mifupa iliyokwisha kuvuliwa nyama, ikikaangwa kwenye mafuta. Wengi wa rika langu Kisii wamekua wakimla mbuta kwa namna hiyo kabla hawajamwona akiwa mzima. Nalisema kwa uchungu, kwa kuwa ahadi ya minofu ndiyo iliyotumika kumleta.

Kuna sehemu ya mkasa huu inayotuhusu sisi wa milimani moja kwa moja, na sijaisikia ikisemwa vya kutosha huku. Mto Gucha, ambao chini huko huitwa Kuja, huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii, ukateremka hadi Migori na ziwani. Sondu nao hupita mpakani mwetu. Sisi tuko zaidi ya mita 500 juu ya uso wa ziwa, mvua ni nyingi, mashamba ni madogo na yamelimwa hadi kwenye kingo. Baada ya mvua kubwa simama kwenye daraja lolote la Gucha: maji ni mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea. Huo ni udongo wa mashamba yetu pamoja na mbolea yake. Ardhi oevu kama ya Sironga, zilizokuwa zikiyachuja maji hayo kabla ya kuteremka, zimebanwa na mashimo ya matofali na mikaratusi.

Mbolea ikifika ziwani huulisha mwani. Mwani hukolea, maji hupoteza uangavu, na mwani ukifa na kuoza chini huimaliza oksijeni ya kina. Mbolea hiyo haitoki kwetu peke yetu, maana mito ya nchi zote zinazolizunguka ziwa inachangia, miji inamwaga majitaka, na moshi na vumbi hushuka na mvua juu ya ziwa. Lakini sehemu yetu ipo, na ina rangi.

Maji hayo yalimsaidia vipi mbuta? Fulu ni samaki wa macho. Majike huchagua dume kwa rangi yake. Upande wa Tanzania kuna jozi maarufu kwa wanabiolojia, yenye jina la kisayansi lililotoka katika Kiswahili chetu: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu, na Pundamilia nyererei, mwekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Kwenye maji maangavu wawili hawa hawachanganyiki. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa maji yanapochafuka, rangi hazitambulikani, majike hawachagui tena, na spishi huyeyukiana. Hivyo kuna fulu walioliwa, na kuna waliopotea bila kuguswa na kinywa chochote. Inakadiriwa kuwa spishi 200 hivi zilitoweka. Fulu asiyeona vizuri pia hukawia kumwona anayemjia, na mbuta, mwenye mstari wake wa ubavuni na jicho la giza, hakudhurika vile.

Kuna mpaka lakini. Mbuta ana hitaji kubwa zaidi la oksijeni kuliko fulu wengi. Lauren Chapman na wenzake, wakifanya kazi Ziwa Nabugabo nchini Uganda ambako mbuta alitiwa pia miaka ya 1960, waliwakuta fulu wamesalia ndani ya mafunjo, ambako maji hayana hewa ya kumtosha mwindaji. Miamba nayo iliwahifadhi wengine. Na waliorudi kwenye maji ya wazi miaka ya 1990 hawakurudi kama walivyokuwa: Frans Witte na kundi lake la Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walimpima fulu mmoja wa Mwanza wakakuta matamvua yake yamepanuka kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka 20 hivi. Napenda kipimo hicho kuliko vyote katika habari hii. Kinaonyesha mwili ukijibu hewa haba, kwa muda ambao mtu anaukumbuka.

Tulipokuwa tukingoja matatu ya Keroka, na kipande chetu cha samaki kimefungwa gazetini, mpwa wangu aliuliza jambo lililonisimamisha. "Mjomba, kama alitiwa 1954, na ana mayai milioni 15, kwa nini aliwamaliza miaka ya themanini? Alikuwa anangoja nini?"

Watafiti nao waliliuliza. Tangu 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1970 mbuta alikuwapo na hakutawala. Kisha akalipuka, kwanza katika Ghuba ya Winam upande wetu, halafu Uganda, halafu Mwanza katikati ya miaka ya 1980. Maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi ni ya Kees Goudswaard, Witte na Egid Katunzi, waliyoyachapisha 2008. Fulu walikuwa wakimzuia. Mbuta aliyeanguliwa leo ni uzi wa nyama unaoelea, na vijidudu anavyovihitaji ni vile vile wanavyovila fulu, ambao walikuwa wengi kuliko yeye mara nyingi mno. Fulu wengine walimla yeye mwenyewe, yai na kifaranga. Yale mayai milioni 15 yalikuwa yakiingia katika ukuta wa midomo midogo mwaka baada ya mwaka.

Ukuta huo watu waliubomoa. Nyavu za kutega ziliingia ziwani mwaka 1905, na samaki wakubwa wa kienyeji kama ngege walipokwisha kupungua, wavuvi waligeukia fulu kwa nyavu za matundu madogo zinazovutwa hadi ufuoni. Ghuba ya Winam ilivuliwa kwa nguvu mapema kuliko sehemu nyingine, na ndiko mbuta alikolipukia kwanza. Mwanza miaka ya 1970 meli za kukokota nyavu zilikusanya fulu wa kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Kila tulipopunguza fulu, vifaranga wachache zaidi wa mbuta walipona. Walipokua wakala fulu, na hivyo vifaranga wengi zaidi wakapona. Mwaka mmoja mzani ukapinduka.

Kijana alifungua karatasi yake juu ya goti, matatu ikiwa imeshaanza kupanda Nyanturago. Alifuta safu mbili za meno. Chini ya mnyama akaanza kutia nukta, nyingi sana, mpaka kalamu ikakaribia kutoboa, na kuzizunguka nukta hizo akachora samaki wadogo wenye midomo wazi.

"Hawa ndio wanamzuia," alisema. "Sasa natafuta nani atawaondoa."